Kipumulio cha Gari la Lambwe

Vijana, mjukuu wangu ananiambia siku hizi gari likikohoa mnalichomeka waya, mnasoma skrini, na skrini inawatajia ugonjwa. Sina ugomvi na skrini. Yeye mwenyewe anayo moja katika gereji yake hapa Migori, na nimeiona ikisema kweli mara mbili. Lakini mmekuja kwangu na madaftari, mmekalia magurudumu yangu mabovu, mnataka niwasimulie kazi ilivyokuwa. Haya. Miaka yangu yote siwezi kuisimulia, maana mtalala na njaa hapa. Nitawapa habari ya valvu moja tu, fupi kuliko kidole gumba, ambayo ilinitia aibu mbele ya watu kisha ikanipa heshima ninayoitumia mpaka leo.

Nyinyi mnaiita PCV. Sisi tuliiita kipumulio, na kabla ya gari la Lambwe hatukuiita chochote, kwa sababu hatukujua kama ipo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mimi nilikuwa fundi wa pili kwa Mzee Nashon, mwenye gereji ya mabati juu kidogo ya gati la Homa Bay. Mzee Nashon alikuwa Msabato wa kweli kweli. Sikuwahi kumsikia akitukana, hata siku nyundo ilipomwangukia mguuni, na Ijumaa jua likiinamia ziwa alikusanya spana zake, akazifuta, akafunga. Kama ulikuwa umebakiza bolti moja, ungekaa na bolti yako mpaka Jumapili. Mimi nilikuwa Mkatoliki, tena mwenye mdomo, na kimoyomoyo nilijiona namzidi kujua injini. Mtu akija na gari, kabla hajamaliza kusalimu nilikuwa nimeshamwambia linaumwa nini.

Gari la Lambwe lilikuwa stesheni wagoni ya Kimarekani, refu, zito, rangi ya maziwa. Mwalimu mmoja wa misheni alikuja nalo kutoka kwao, na alipoondoka akaliachia kamati ya wazee wa bonde la Lambwe, akawaambia ni la wagonjwa. Siku hizo Lambwe ilikuwa na mbung'o wa kutisha. Inzi huyo akikuuma leo, baada ya wiki kadhaa watu wanakukuta umesinzia na uji mdomoni, hukumbuki jina la mke wako. Hayo ndiyo malale. Dawa yake ilikuwa hospitalini Homa Bay, na bondeni hapakuwa na gari jingine ambamo mgonjwa angeweza kulazwa. Viti vya nyuma vya stesheni wagoni vilikunjika, wakatandika godoro, na dereva wao Zakayo akawa anawaleta watu mmoja mmoja, wengine usiowadhania kwamba watafika.

Gari hilo likaanza kumwaga oili. Likisimama kidogo tu, linaacha dimbwi. Zakayo akalileta kwetu, nikaingia chini, nikaona oili inachuruzika nyuma ya injini, nikatoka nikipangusa mikono. Sili, ile pete inayozuia oili isitoke, imekwisha, nikasema. Tukashusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, siku mbili za kulala chali, nikaweka sili mpya. Likaenda Lambwe safari nne, likarudi linamwaga. Nikasema sili ile ilitoka dukani ikiwa mbovu. Tukashusha sampu tena, nikaweka nyingine. Mara ya tatu lilirudi likiwa na hali mbaya zaidi. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka kwenye tundu lake, boneti imelowa oili kwa ndani, na moshi wa bluu unafuka pale kijiti kilipotoka.

Hapo nikasema neno ambalo fundi hapaswi kulisema kwa haraka. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Okelo, alikuwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi, amekuja siku hiyo pamoja na Zakayo kwa sababu wazee walianza kuchoka na safari zangu za sampu.

"Jakom," nikamwambia, maana ndivyo Wajaluo tunavyomwita mwenyekiti, "hii injini imekufa. Ringi za pistoni zimeisha. Ringi zake hutapata Kisumu, hutapata Nairobi. Ni mpaka Amerika."

"Una uhakika, wuod Migori?" akaniuliza, yaani mwana wa Migori. "Kwa sababu kuna mtu ya Kisumu ananunua vyuma. Alisema anaweza kuja Ijumaa. Sisi hatukutaka kumsikia. Lakini kama wewe unasema imekufa, basi tuache aichukue kabla haijaoza."

"Nina uhakika."

Zakayo aligeuka akatazama ziwa. Ilikuwa Jumanne.

Walipokwenda kunywa chai, Mzee Nashon, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa kwenye kibao chake akisugua plagi, akaniuliza, "Kijana, hii injini inapumua wapi?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sababu swali lilikuwa la mtoto. Injini za siku zile, enyi vijana, zilipumua kwa bomba. Moto unapowaka juu ya pistoni, moshi kidogo hupenya na kushuka chini kwenye oili, na moshi huo lazima upate njia ya kutoka, la sivyo unajaa humo ndani na kusukuma oili itokee popote penye udhaifu. Kwa hiyo kila injini ilikuwa na bomba linaloning'inia chini, likitema moshi barabarani. Ndiyo maana barabara za zamani zilikuwa na mstari mweusi katikati, ukiteleza kwa baiskeli unajua ni nini. Nikamwambia mzee, inapumua pale pale zinapopumua zote, ngoja nikuonyeshe. Nikaingia chini ya gari kwa madaha.

Bomba halikuwepo.

Nilitafuta mbele, nikatafuta nyuma, nikapapasa kwa mkono mahali ambapo macho hayafiki. Mzee Nashon akainama akanitazama huko chini, akasema kwa upole ulioniuma kuliko kofi, "Kila kiumbe Mungu ameumba kinapumua. Hata hii walioumba Wamarekani. Tafuta pua yake."

Nilitoka uso ukiwa unawaka. Nikafungua boneti nikaanza upya, polepole, kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni. Juu ya mfuniko wa valvu za injini palikuwa na kimpira kilichotoka na kwenda kuingia kwenye manifoldi, yale mabomba yanayopeleka hewa na petroli ndani ya injini, chini ya kabureta. Nilikuwa nimekiona mara tatu na mara zote nilikidhani ni cha breki. Katikati yake kulikuwa na kidude cha chuma. Nikakichomoa, nikakitikisa sikioni. Kimya. Nikakipuliza, pumzi ikagoma. Nikakitumbukiza kwenye kikopo cha petroli, na baada ya muda kikatema uchafu mweusi, mzito, unaonata vidoleni.

Nikaelewa pale pale, na sikufurahi hata kidogo. Wamarekani walikuwa wameondoa bomba la chini. Moshi wa ndani waliuvuta kwa manifoldi ukachomwe tena pamoja na petroli, na kidude hiki kilikuwa mlango unaopima kiasi cha kuvuta. Mlango ukiwa umeganda, injini inabana pumzi, na sili yoyote utakayoweka, hata ya dhahabu, itasukumwa tu. Injini haikuwa imekufa. Niliitia kaburini mimi, kwa mdomo wangu, na mwenyekiti alikuwa ameshapeleka ujumbe Kisumu.

Sasa andikeni hili, maana ndilo lililowaleta. Mzee Nashon hakuwa ameona valvu kama ile maishani, lakini alibuni kipimo siku ile ile, na sijaona skrini inayokishinda. Alichukua karatasi laini ya kufungia majani ya chai. Akaniambia niirudishe valvu ikiwa imesafishwa, nifungue kifuniko cha kumiminia oili, niwashe injini iungurume taratibu, kisha akaiweka karatasi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa chini ikashika, injini inapumua vizuri. Ikirushwa juu, imebanwa. Karatasi yetu ilishika kidogo, ikatetemeka, ikashika tena, kisha nilipokanyaga mafuta ikaruka mpaka kwenye ndevu za mzee. Tukaichomoa valvu tukaitazama ndani kwa jua. Kile kijipistoni cha ndani kilikuwa kimelika upande mmoja na springi yake imepinda. Kuosha hakukutosha. Ilitakiwa mpya, na ilikuwa Jumanne alasiri.

Zakayo ndiye aliyetuokoa. Nilipomweleza, hakunitukana, ingawa nilistahili. Alisema, "Gari kama hii nimeiona huko mgodi ya shaba, ng'ambo ya Migori. Ilikuwa ya bwana mkubwa. Sasa inakaa juu ya mawe."

Jumatano alfajiri nikapanda basi hadi Migori, nikaazima baiskeli ya shemeji yangu, na saa sita mchana nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la stoo ya mgodi. Mwenye stoo alikuwa Mkuria mmoja, Mwita, mtu wa mabega na maneno machache. Yeye hajui Kijaluo, mimi sijui Kikuria, tukakutana kwenye Kiswahili.

"Unataka nini?"

Nikaweka kile kidude kwenye dirisha. "Kama hii."

"Inaitwa nini?"

"Sijui."

Akanitazama, akatazama baiskeli, akanitazama tena. "Umetoka Homa Bay kutafuta kitu hujui jina?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Wewe ni fundi ama ni mwizi?"

Nilimwambia mimi ni fundi. Akasema sawa, fundi, pale nje kuna lori ya stoo imekataa kuwaka tangu juzi. Nikafungua distribyuta, nikakuta pointi zinazokatiza umeme wa plagi zimeungua na kushika utando. Nikazikwangua kwa ubavu wa kiberiti, nikapima nafasi kwa unene wa kucha yangu, nikamwambia apige selfu. Lori likawaka mara ya kwanza. Mwita alicheka hadi nikaona magego. Akaingia ndani akarudi na kisanduku cha spea za lile gari la bwana mkubwa, na humo, zimefungwa kwa karatasi ya grisi, valvu mbili mpya.

"Chukua ile inalia," akasema. "Bwana mkubwa alikuwa anazitikisa hivi. Ile iko kimya ni mbovu, hata kama ni mpya."

Nikazitikisa. Moja ilisema kwa sauti kavu, tiki tiki tiki. Nyingine ilinong'ona. Nikachukua inayolia, na Mwita akanionyesha mshale mdogo uliochorwa ubavuni. Huo unatazama manifoldi, vijana, daima. Msinione najifanya mtakatifu katika hili. Miaka mingi baadaye, nikiwa na gereji yangu hapa na kibao chenye jina langu, niliwahi kuifunga moja kinyume kwa sababu nilikuwa nabishana habari za mpira wa miguu. Gari la mwalimu mmoja likazimika sokoni Rongo, akalisukuma mwenyewe akiwa amevaa tai. Mpaka leo akiniona kanisani ananitolea salamu ya amani kwa vidole viwili tu.

Alhamisi nikaifunga. Kimpira cha zamani kilikuwa kimeoza, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli. Msithubutu. Tyubu ikikutana na mvuto wa manifoldi inajikunja na kubanana, na oili inailainisha kama ugali wa moto. Mzee Nashon aliitoa, akaweka mpira mgumu wa petroli. Tukawasha. Kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Homa Bay. Kisha injini ikaanza kutetemeka, na kutoka nyuma yake, pale pale penye sili yangu, ikatoka sauti ya filimbi. Ilikuwa kali na nyembamba, mbwa wa jirani akaitikia.

Tulikaa na filimbi ile hadi jioni. Nilikagua kila kifundo. Karatasi ya chai, kila tulipofungua kifuniko na kuiweka, ilivutwa ikashika barabara. Tukirudisha kifuniko, filimbi. Na kama vile mtihani haukutosha, mtu akafika kwa baiskeli kutoka Lambwe kumwambia Zakayo kwamba kuna Ouma fulani, mkulima, hajaamka kwa siku mbili, na watu wake wanauliza gari litakuja lini.

"Niwaambie nini sasa?" Zakayo aliniuliza. "Kesho hiyo gari inapandishwa lori. Ouma tutambeba na wilbaro?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu ambaye sikuwahi kumwona alikuwa amelala huko bondeni, na kilichosimama kati yake na dawa ni maneno yangu ya Jumanne.

Ijumaa asubuhi walifika wote pamoja, Mzee Okelo na wazee wanne, na yule mnunuzi wa Kisumu, mtu mnene mwenye adabu, akiwa na lori na wapakiaji wake. Gari lilikuwa linapiga filimbi. Nikasimama mbele yao na nikasema lile nililopaswa kulisema. "Jakom, Jumanne niliwadanganya. Sikujua kama nadanganya, lakini niliwadanganya. Injini hii haijafa. Ilikuwa imebanwa pumzi. Nimeweka kipumulio kipya, na sasa kuna kitu kingine sijakielewa."

"Sasa tukuamini wa Jumanne ama wa leo?" Mzee Okelo akauliza. Watu wakacheka, hata wapakiaji.

Mzee Nashon akatoka kwenye kibao chake. Akainama juu ya injini, kichwa upande, akasikiliza kwa muda mrefu. "Inatoa pumzi," akasema. "Sasa inaingiza wapi?"

Nikashika kifuniko cha kumiminia oili nikivute. Siku zote mbili nilikifungua injini ikiwa imezimwa, kisha ndipo tukawasha. Safari hii injini ilikuwa inaunguruma, na kifuniko kikakataa. Kilikuwa kimefyonzwa. Nikakivuta kwa mikono miwili, kikatoka kwa mlio wa busu la shangazi, na filimbi ikanyamaza. Nikakirudisha, filimbi ikaanza. Nikakitoa, ikanyamaza.

Kifuniko hicho, vijana, kina matundu chini ya ukingo wake na wavu ndani. Hewa safi inaingilia pale, inapita ndani ya injini, inatokea kwenye valvu. Pale pakizibwa, injini inafyonza hewa kwa nguvu kupitia sili, na sili inapiga filimbi. Nilikikwangua grisi kwa kisu. Matundu yalikuwa yamezibwa yote kwa kitu cheusi, kigumu, kilichopangwa kwa ustadi mkubwa. Nikakichokoa, kikatoka kipande. Kilikuwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa lami.

Hakuna fundi wa magari anayeziba hivyo. Anayeziba hivyo ni mtengeneza mashua. Sisi sote tuliozaliwa karibu na ziwa tumeona pamba na lami zikishindiliwa kati ya mbao, na sote, bila kuambizana, tukamgeukia Zakayo, ambaye baba yake alitengeneza mashua huko pwani ya ziwa hadi mikono ikapinda.

Zakayo alikuwa ametazama chini. "Ni mbung'o," akasema. "Hizo inzi zinafuata gari ikitembea. Nikisimama, nikifungua boneti, nazikuta zimekaa hapo juu ya hiyo kifuniko, joto inaziita. Nikasema, hizi zinaingilia hapa zinakuja kuuma mgonjwa wangu. Nikaziba sakafu. Nikaziba milango. Nikaziba na hiyo. Mimi niliziba kila tundu nilioona."

"Uliziba vizuri sana," Mzee Nashon akamwambia, na ndiyo mara pekee nilimwona akishika mbavu kwa kucheka. Mwanzoni Zakayo hakujua kama anasifiwa. Wazee nao wakaangua, Mzee Okelo akapangusa macho kwa kofia yake. Mimi sikucheka haraka, kwa sababu nilikuwa nawaza jinsi mtu yule alivyotambaa peke yake na lami na pamba, jua kali, akiwakinga wagonjwa waliolala wasiumwe tena. Halafu na mimi nikacheka, na ndani ya kicheko nikasikia kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Tulikiloweka kifuniko kwenye mafuta ya taa, tukakichokoa tundu kwa tundu kwa sindano ya kushonea magunia, tukakipuliza, tukakirudisha. Nikawasha. Injini ikatulia. Nawaambia ilitulia hadi mnunuzi wa Kisumu akauliza kama imezimika. Nikamkaribisha Mzee Okelo mwenyewe aweke karatasi juu ya tundu, na ilipovutwa ikashika, aliinua mkono kama aliyeguswa na umeme, kisha akaiweka tena, na tena, na kila mzee akataka zamu yake.

"Hii ni ya kusimama," yule mnunuzi akasema, kwa adabu. "Oili inamwagika ikienda."

Alisema kweli, na mimi nilikuwa naomba mtu aseme hivyo. Tukamwambia akae kwenye kreti angoje. Mzee Okelo akaketi mbele na Zakayo, mimi na wazee wawili nyuma kwenye godoro, Mzee Nashon akasema yeye atatazama kwa imani. Tukapandisha kwenda soko la Rodi Kopany. Zakayo hakulionea huruma. Pale kwenye mwinuko alilikandamiza hadi godoro likahama, na gari likapanda likiwa na sauti nzito, safi, ambayo sikuwahi kulisikia nayo. Sokoni tukasimama. Nikaingia chini kabla vumbi halijatua. Palikuwa pakavu. Nikapapasa nyuma ya injini, nikatoa mkono, nikauonyesha mwenyekiti, na nilikuwa nalia, sitawaficha, mwanamume wa miaka ishirini na sita na mkono mkavu mbele ya akina mama wa viazi.

"Turudi?" Zakayo akauliza.

"Turudi tufanye nini?" Mzee Okelo akajibu. "Ouma yuko mbele, si nyuma. Twende Lambwe."

Tukaenda. Wazee walishuka ili godoro lipatikane, wakasema watarudi nyumbani kwa njia zao. Tulimkuta Ouma amelazwa kivulini mwa ghala, mtu mrefu, mbavu nje, mdomo wazi. Mke wake alipanda naye. Njia nzima mbung'o walitufuata, wakajipigiza kwenye vioo, na hakuna hata mmoja aliyeingia, maana Zakayo alikuwa ameziba kwingine kote kama baba yake alivyomfunza. Jua lilikuwa limegusa ziwa tulipomkabidhi hospitalini.

Kwenye gereji, mlango ulikuwa umefungwa na Sabato imeanza. Mnunuzi wa Kisumu alikuwa bado amekaa kwenye kreti, wapakiaji wamelala ndani ya lori, hakuna aliyekumbuka kumwambia. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akainuka akajifuta suruali. "Mngeniambia tu," akasema, akaondoka, na nadhani alikuwa mtu mwema. Mzee Nashon alitoka nyumbani kwake akiwa amevaa nguo za ibada. Hakugusa spana. Alitandika katoni safi chini ya injini.

"Mzee, hiyo si kazi?" nikamtania.

"Kutazama si kazi," akasema. Asubuhi katoni ilikuwa kavu, akaenda kanisani nayo imekunjwa kwapani kumwonyesha mchungaji.

Sikutangaza tena ugonjwa kabla ya salamu. Hilo nimelifuata miaka yangu yote, na wateja walifikiri ni hekima, kumbe ni woga niliouokota Jumanne ile. Kipumulio nilikibadilisha baadaye kwenye magari mengi kuliko niwezavyo kukumbuka, kutoka Rangwe mpaka Sirare, na mara nyingi niliwaokoa watu na gharama ya kufungua injini nzima kwa kitu kinachoingia mfukoni. Lakini hakuna siku iliyonifurahisha kama ile iliyokuja wiki chache baada ya gari kurudi kazini.

Gari lilikuwa limeletwa kubadilishiwa oili. Mtu mmoja mrefu, amekonda, shati jipya linampwaya, akaingia uani kwa miguu, taratibu, na mke wake nyuma. Akasimama akalitazama gari, kwanza kwa mbali. Akalizunguka lote. Akaligusa kila tairi.

"Naambiwa nilipanda hii gari," akasema. "Sikuiona. Leo wameniruhusu niende nyumbani, nikasema hapana, mimi naanzia hapa. Nataka kuiona."

Zakayo akatupa kitambaa alichokuwa nacho mkononi, akakimbia kumfungulia mlango wa nyuma, akaanza kupigapiga godoro litoke vumbi ili mgonjwa wake alale vizuri mpaka Lambwe. Ouma akalitazama godoro lile. Akatikisa kichwa.

"Huko nimelala ya kutosha," akasema. "Mimi nakaa mbele."